Muda wa Shaba

Nta haibembelezwi. Iache ukutani, hapa Patan,
jua la saa nne tu, itatoka jasho, itanyong'onyea.
Bati ni muda wa kumenya vitunguu viwili.
Risasi: muda wa kugombana na jirani
hadi mkaazimana chumvi tena.
Shaba? Hapo vuta kigoda.

Astamaya alileta birika la marehemu,
mdomo umebonyea pale lilipogonga kizingiti
usiku ule asiousimulia.
Sanukaji akalipima: ratili mbili kasorobo.
Akalikatakata kwa tindo kama anayechambua kuku.
"Itachukua muda gani?"
"Kuni zikiwa kavu, adhuhuri.
Zikiwa mbichi, mama, tutakula hapa hapa."

Kuni zilikuwa mbichi.

Samli iliyeyuka kwenye chai kabla hajaipuliza.
Theluji ya milimani, kule mbali, ilikaa ilivyokaa.
Vipande vikazama kimoja kimoja katika chungu chekundu,
shingo, mkono, kitako;
kile cha mdomo kikaegemea ukingo, kikakataa.
Akanyanyuka. "Hicho nirudishie."
Sanukaji alikwisha kushika koleo,
lakini koleo lilitoka na tone moja la mwanga,
nalo likadondoka.

Mwezi wa pili sasa sanamu ya Tara iko dukani,
imemiminwa vizuri, ila bonde dogo begani.
Sanukaji anasema ni hewa.
Astamaya hununua mafuta duka la jirani,
husimama kidogo, chupa mkononi.
Bei haulizi.