Mfalme wa Saa Sita

Kwetu hatukuwahi kuwa na mfalme.
Andika hilo kwanza, kabla ukungu haujainuka Bunyonyi.
Kila mlima ulikuwa na ukoo wake, kila ukoo na wazee wake,
na mzee aliyejikweza sana
aliachwa ale peke yake.

Lakini wageni wakishalipa elfu sitini, mashua humo, chakula humo,
huuliza, "Na chifu yuko wapi?"
Basi Ndebesa, kijana wa mashua, akanijia na ngozi ya mbuzi:
"Sajini, wewe una tumbo, na ndevu unazo."
Nikakubali. Kiinua mgongo changu cha jeshi
kinapanda ngazi za ofisi mwaka wa saba huu,
na ngazi hazijaisha.

Saa nne asubuhi navua gambuti,
najifunga ngozi, nashika mkuki
ambao mke wangu Kyarikunda huangushia maparachichi.
Mashua ikitokeza kwenye mafunjo
akina mama wanaanza ekizino.
Hawachezi wale, wanairukia ardhi kwa miguu yote miwili
kama watu wanaoshindilia sakafu ya nyumba mpya;
vikombe vya obushera vinatetemeka mezani.
Mimi kigodani, sitabasamu. Mfalme hatabasamu,
amenifundisha Ndebesa,
ambaye naye hajapata kumwona mfalme.

Nasema kwa Kikiga, "Karibuni. Angalieni utelezi pale chooni."
Ndebesa anageuza kwa Kiingereza:
Mtukufu anasema mababu waliwaona tangu mkiwa mbali.
Wageni wanainamisha vichwa, mmoja anafuta machozi.
Nasema, "Yule wa kofia nyekundu amekalia unga wetu wa mtama."
Mtukufu anawabariki.

Jumamosi ile walikuja watu wa Jinja,
na pacha wawili, Babirye na Tenywa,
umri ule wa meno ya mbele kung'oka.
Wa kike akaivuka kamba, akasimama mbele ya kigoda
na kusema, kwa Kiswahili cha kambini,
kile kile kilichonilea nikiwa kuruta:
"Afande mfalme, nina kesi."

Ndebesa akafungua kinywa, akakosa cha kutafsiri.

"Huyu nilimtangulia kuzaliwa, dakika tisa.
Kwa dakika tisa hizo
kila siku naambiwa, wewe mkubwa, mwachie.
Nyama, mwachie. Dirisha, mwachie.
Leo mbele ya mashua kakaa yeye.
Nitaacha mpaka lini?"

Ngoma ikanyamaza. Vumbi likawa linashuka polepole.
Nikamtafuta ndani ya ngozi ile mfalme wa kunijibia,
nikamkuta sajini wa stoo ya viatu,
na ndani ya sajini, kifungua mimba
wa nyumba ya watoto kumi na mmoja.
Paja la kuku mimi nimelionja nilipoandikishwa jeshi.

Nikagonga mkuki chini.
"Wakati wa kurudi, Babirye akae mbele.
Tenywa nyuma, ahesabu dakika tisa.
Zikitimia, deni limekwisha.
Hapo mtakuwa mmezaliwa pamoja."

Tenywa akasema hana saa.
Nikaingiza mkono chini ya ngozi ya mbuzi,
nikaivua yangu, ya plastiki, yenye taa ya kijani.
Ndebesa akafumba macho.

Saa kumi wakaondoka.
Niliwatazama kutoka gatini hadi walipomezwa na kona:
mmoja mbele, kidevu juu, upepo wote wake;
mwingine nyuma, ameinamia kiganja.
Hakuna aliyekumbuka kunirudishia.

"Mtukufu!" Kyarikunda akaita toka matutani,
"viazi havijichimbi!"
Nikaegemeza mkuki parachichini, nikavaa gambuti,
nikapanda.
"Saa ngapi sasa?" akauliza, mgongo umeinama bado.
Nikatazama mkono:
duara la ngozi iliyofifia,
halina mishale.