Uzi wa Mguuni

Siku ya ishirini na moja, mvua haijakatika.
Koo amejitanda kikapuni
ananikazia jicho moja kama karani wa benki.
Natia mkono chini yake. Ananidonoa. Haki yake.
Natoka na nusu ya ganda,
samawati nje, samawati ndani,
si rangi ya kupakwa.

Wamefika saba.
Nawaweka katika sanduku la tufaha, kando ya jiko la kuni,
wangali wamelowa,
kila mmoja kama njiti ya kiberiti iliyozimwa kwa mate.

Sasa ni kazi ya vidole.
Kwanza gumba, huku nyuma, pale mkia ungeanzia:
hakuna kifundo, panateleza tu, duara kama kokwa.
Kibutu. Huyu naye kibutu.
Huyu ana mkia!
Ni damu ya jogoo wa Bernardita
aliyeruka ua mwezi wa nane,
nikamwona, nikanyamaza.

Kisha shavu. Napuliza polepole
malaika yafunguke:
chini ya sikio kuna kinyama
kisichozidi punje ya mchele,
kimeota kishungi cha nyuzi tano, sita.
Hiyo ndiyo hereni. Sisi husema ketro.
Mmoja anayo upande wa kulia tu,
kama aliyevaa haraka
akaisahau nyingine juu ya kabati.
Nikamwita Orfelina, kwa jina la marehemu dada yangu,
ambaye hata harusini kwake alikwenda hivyo.

Nawafunga uzi wa sufu mguuni.
Mweusi mwenye tumbo jeupe: manjano.
(Usidanganywe na tumbo. Kufika kiangazi atakuwa mkaa mtupu.)
Mwenye mistari mgongoni kama matuta ya viazi: kijani.
Orfelina: nyekundu.
Naandika kwenye daftari la dada,
yeye ambaye hakuandika rangi hata siku moja,
aliandika: huyu mwoga. Huyu mwizi. Huyu atalea.

Yalibaki mayai matano.
Niliyaweka sikioni moja moja.
Nikayavunjia nyuma ya banda, mvuani, wajukuu wasione.
Mawili maji tu.
Matatu yalikuwa na watu ndani:
kucha, mdomo,
hata lile jino dogo la kutobolea ganda,
na hereni pande zote mbili, nene,
kubwa kuliko za yeyote aliye hai sandukuni.

Anselmo, kaka yangu,
unataka jogoo wa hereni juu ya koo wa hereni
kwa kuwa wanunuzi wa Temuco hulipa mara mbili.
Nakuelewa. Bati la paa halinunuliwi kwa maneno.
Lakini njoo uangalie kilichomo katika bakuli hili
kabla sijalifukia.
Hereni ya baba ikikutana na hereni ya mama
mtoto hubisha hodi kwa ndani, akachoka.
Orfelina alilijua hilo bila darasa.
Kila mwenye hereni alimwoza asiye nayo.
"Mmoja apendeze," alisema, "mwingine afanye kazi,"
akamtupia mumewe jicho.

Kila Jumapili nabadilisha nyuzi, maana miguu hunenepa.
Jumapili moja nilisahau.
Uzi wa kijani ukazama katika ngozi;
nikaukata kwa mkasi wa kucha, mikono ikitetemeka.
Alichechemea siku mbili.
Hilo nalo nimeliandika.

Wa uzi mwekundu niliapa kuwa ni tembe.
Undu wake ulikuwa mdogo, umepauka, miguu myembamba,
mpole, akilala kiganjani mwangu.
Wiki ya tisa, alfajiri,
akapanda juu ya rundo la kuni,
akajinyoosha, akafumba macho,
akatoa sauti kama bawaba ya mlango wa kanisa.
Pora!
Dada angecheka mpaka akae chini.

Nikachukua daftari, nikakata neno tembe,
nikaandika pora.
Jina sikulifuta.