Upana wa Mlango

Kwa Kamati ya Wamiliki,
Jengo la Tatu, Mawaleh Kusini, Maskati.
Salamu nimeshazitoa. Sasa nipeni sikio.

Nyinyi hamjawahi kuzibiwa njia na mtu aliyeegesha vizuri.
Mimi nimezibiwa. Magurudumu yake manne yamo ndani ya mstari,
kioo cha pembeni amekikunja kwa adabu,
nami nimo garini, mkono kwenye komeo,
mlango unafunguka shubiri moja
na kiti changu cha magurudumu kinataka dhiraa mbili.

Ile michirizi ya manjano kando ya namba kumi na nne
si pambo. Si ya pikipiki za kuleta biriani,
si ya friji bovu la nyumba namba tisa.
Ile ni bandari yangu. Ndogo, lakini ndiko ninakoshukia.

Mlinijibu kwa Kiarabu cha muhuri:
hati ya nyumba inasema namba arubaini na moja.
Naam, inasema. Nilinunua nikiwa na miguu.
Arubaini na moja iko nyuma ya mitungi ya gesi, juani,
na kati yake na lifti pana vidato vitatu.
Mwezi wa Juni nilijaribu. Chuma cha kiti
kikaniachia alama hapa, kiganjani,
nami sasa nina muhuri wangu.

Na yeye, mwenye Landkruza nyeupe, kila siku "dakika mbili."
Dakika mbili za kumshusha mtoto.
Dakika mbili za adhuhuri mpaka alasiri.
Siku moja nikashindwa, nikamtolea tusi la Kipemba,
la bibi yangu, zima zima,
tusi lililovuka bahari mwaka wa sitini na nne bila pasipoti,
nikiamini hapa hakuna wa kulielewa.
Akageuka polepole.
"Bi mkubwa," akasema,
"hilo mama alikuwa akinipa mimi, nikivunja vikombe."

Tukacheka. Ndiyo, nilicheka, naungama.
Harith bin Mbaruk, nyumba ya ishirini na mbili.
Wiki nzima aliiacha nafasi wazi, tena imefagiliwa.
Akaniletea halua; sahani nikairudisha na vitumbua.
Wiki ya pili akaja shemeji yake kutoka Sur,
na shemeji hana habari ya bibi yangu.

Hapo nikafahamu, enyi wanakamati:
hisani hukaa ndani ya mtu, na mtu husafiri.
Mimi nataka kitu kisichosafiri.
Kibao. Faini. Jina la wa kumpigia simu saa nne usiku,
ninapokaa garini mwangu, mbele ya nyumba yangu,
nikimngoja mtu amalize kuoga ashuke.

Mkutano uliopita mkasema akidi haikutimia.
Mlikaa ukumbi wa juu. Ngazi kumi na moja.
Mimi nilikuwepo, chini, nazihesabu.

Basi leo nimefanya hivi.
Gari nimeliacha barabarani, taa zikipepesa,
nikajisukuma hadi namba kumi na nne,
nikafunga breki katikati ya ile rangi ya buluu.
Barua hii naiandikia hapa hapa, juu ya paja
lisilosikia uzito wa karatasi.
Birika la kahawa lipo. Tende zipo.
Shafiqul wa getini, ambaye ajira yake ni kutoingilia,
amekuja na mwavuli, ameusimika kwenye ndoo ya mchanga,
amerudi zake bila neno.

Landkruza hiyo, imeingia.
Imesimama mbele yangu, inanguruma kidogo.
Shemeji ananitazama kupitia kioo,
kisha anainua vidole viwili.

Nami namwonyesha kikombe.
Ndio kwanza nimemimina.