Mlango wa Kuinamia

Dalali alikuja na viatu vya ncha,
akatukumbusha mara tatu kwamba nyumba ilijengwa
mwaka elfu moja mia sita thelathini na moja,
kana kwamba umri ni chumba cha nne cha kulala.

Alun alijigonga.
Boriti ya mlangoni, mwaloni uliokomaa ukawa chuma,
ilimpokea kwa paji la uso kabla hajabisha hodi.
"Kila mtu hujigonga mara moja," alisema Bi Winifred Pask
kutoka jikoni, hakugeuka, alikuwa akimimina chai.
"Marehemu mume wangu alijigonga miaka arobaini na sita."

Nyumba njema si mlango, husemwa.
Hii ilianza na mlango.

Kisha ripoti ya mkaguzi, kurasa sabini na mbili:
unyevu ukuta wa kaskazini,
dumuzi kwenye ngazi, *huenda wamekwishakufa*,
sakafu ya juu imeelemea mashariki,
gololi ukiiweka mlangoni itafika dirishani yenyewe.
Na dirisha lenyewe hulibadili bila idhini ya halmashauri,
wala bomba la mvua,
wala rangi ya mlango.

Nikamuuliza: basi tunanunua nini hasa?
Akakuna sikio kwa kalamu.
"Zamu," akasema.

Tukauza fleti ya Lewisham.
Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
tukaongeza alichotuachia mama yake Alun,
tukaandika jina letu kwenye deni la miaka ishirini na tisa.

Hadlingfold hutoka roho kila alfajiri
saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili.
Jukwaani kila mtu ana jiwe lake la kusimamia.
Nikawajua majirani kwa visogo:
mwenye kovu la wembe,
mwenye kola ya kijani,
yule anayenukia mkate wa kuungua.
Miezi minane sikuuona ukuta wa bustani yangu
mchana wa Jumanne.

Februari theluji ikafunga reli.
Tukarudi na tai zetu, tukipanda kichochoro cha kanisa,
na kola ya kijani ikageuka, ikawa na uso.
"Barnaby Oke," ikasema. "Nyumba ya pili kutoka kwenu."

Mchana huo niliona kijiji kilichokuwa kikiishi nyuma ya mgongo wangu:
wazee na mbwa wao,
Delphine wa posta, mzaliwa wa hapa, babu zake wako makaburini pale,
naye hulala mji wa jirani, maili kumi na moja,
kwa kuwa nyumba aliyozaliwa ilinunuliwa na watu wa treni.
Alinipa barua zangu bila kinyongo.
Ningependa zaidi angenuna.

Bi Pask naye alikuja, na koleo la theluji mkononi.
Aliingia wima, kimo chake na mlango vilishapatana zamani.
Akanionyesha, chini ya boriti, vijiduara vya petali sita
vilivyokwaruzwa kwa bikari.
Dalali alikuwa ameviita mapambo.
"Zindiko," alisema Bi Pask. "Wachawi wasipite."
Akavigusa kama mtu anayehesabu watoto.
"Hawakupita. Ila fimbo ya bei haina duara lake."
Kisha akaomba sukari.

Keshokutwa treni ilirudi.
Mjini, ofisini, kwenye milango ya kioo
yenye kimo cha twiga,
niliinama.
Mlinzi akaniuliza nimeangusha nini.