Hesabu ya Kopo

Zimebaki tisa.
Nimezimwaga kwenye ungo, nimezihesabu mara mbili,
nikazirudisha katika kopo la Kimbo pamoja na kiganja cha mchele
wa kunywa unyevu. Mchele huo haupikwi.

Mwenye duka kule Dodoma sasa ananijua kwa sauti.
"Mama Zefania, bado. Hizo ndogo haziletwi. Kubwa zipo."
Kubwa za nini? Sipigani na mtu.
Nina ekari tatu za karanga hapa Ibwaga
na kanga wanaofukua mbegu kabla jua halijagusa ukuta.

Bunduki ilikuwa ya mkwe wangu, Mzee Chilongani,
dereva wa trekta enzi za mashamba ya Wazungu.
Karanga zao zilipoukataa udongo huu mwekundu
walikunja mahema, wakaacha vyuma.
Trekta zililiwa na kutu. Hii haikuliwa,
kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada
navua komeo, nachana kipande cha kanga kuukuu
(kanga ya kuvaa, si kanga wa porini:
huyu anafukua, hii inasafisha),
nakivuta ndani ya mtutu kwa kamba ya katani
na tone la mafuta ya cherehani.
Kanga ile iliandikwa SISEMI NIMECHOKA.
Wiki hii imeingia CHOKA, ikatoka nyeusi.

Risasi hizi moto wake haukai katikati.
Umefichwa ukingoni, ndani ya pindo,
kama hela ya mwanamke aliye safarini.
Pini inagonga pembeni. Zikizeeka
nyingine hugongwa zikanyamaza.
Usikimbilie kuitupa. Mtutu uelekee shambani,
hesabu hadi thelathini, polepole,
kisha itoe, izungushe kidogo, irudishe,
igongwe mahali pengine pa pindo.
Nusu yao husema mara ya pili.
Marehemu Hosea naye alikuwa hivyo:
umuulize jambo kwa upande huu, kimya;
zunguka, anzia upande wa ng'ombe,
ataongea mpaka koroboi izime.

Na usifyatue chemba ikiwa tupu,
pini itautafuna ukingo wa chuma.
Weka ganda lililokwisha kazi.
Mjukuu wangu Mbeleje nimemfundisha kwa maganda.
Ana miaka ishirini na minne, analenga gunzi juu ya ua wa miiba,
anashusha pumzi vizuri kuliko babu yake,
na mlio wenyewe hajawahi kuusikia.

Daftari lipo. Mwandiko wa Hosea, umelala kulia:
*Januari 14, moja, kanga.*
*Januari 15, moja, hewa.*
Aliandika hewa alipokosa.
Kuna mambo mengi hakuniambia,
lakini daftari hakulidanganya.
Mwandiko wangu unaanzia katikati ya ukurasa,
na tangu uanze, mistari ni michache.

Nilipokwenda Kongwa kulipia leseni
afande akauliza, "Mama, hizo tisa ni nzima?"
Nikamwambia, risasi ukitaka kujua kama ni nzima
sharti uipoteze.
Alicheka. Akagonga muhuri, wino ukagoma.
Akaugeuza, akaupulizia, akagonga tena.
Nikatazama pembeni, nisije nikacheka mimi.

Leo alfajiri wamekuja kumi na wawili.
Zamani sauti ya komeo ilitosha,
*klik*, na shamba lilibaki na manyoya tu.
Siku hizi wanainua shingo, wananitazama,
kama nao wana daftari.
Mbeleje akanong'ona nyuma yangu, "Bibi, piga."
Nililenga. Yule mkubwa alisimama wazi kabisa,
madoadoa yake nayahesabu.

Nikaweka bunduki chini, nikavua kandambili,
nikamrushia.

Zimebaki tisa.
Kandambili nimeitafuta mpaka saa tatu.