Kugonga Milango

Miaka thelathini na moja niligawa barua mjini Kärdla,
kwa baiskeli, na theluji ikizidi, kwa miguu.
Nawakumbuka mbwa wote waliokufa.
Najua nani alimwandikia nani, na nani hakujibiwa.

Nikastaafu. Nikapewa saa ya ukutani
na kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine.
Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa,
nilianza zamu upya:
tovuti ya kivuko cha Heltermaa, je, kinavuka leo?
tovuti ya kwaya, ya maktaba, ya bwana mmoja wa Tartu
anayeandika habari za uyoga, na haandiki ila mvua inyeshe,
na ya Helju, tuliyechambua naye barua meza moja,
anayehesabu ndege ufukweni na kutangaza idadi yao.
Kurasa kumi na tisa. Kumi na saba hazina jipya.

Taavet wa jirani, aliyekuja kuazima msumeno,
akasimama nyuma yangu akitazama.
"Shangazi Vaike," akasema, "unakwenda kinyumenyume.
Zamani ulipeleka barua mlangoni.
Sasa unagonga milango ya watu ukiuliza:
mmeniandikia?"

Iliniuma, kwa kuwa ni kweli.

Akanionyesha alama ndogo ya rangi ya chungwa,
nukta moja na matao mawili,
kama kijiwe kilichotupwa kwenye pembe ya dimbwi.
"Huu ndio mlisho."
Mlisho? Mimi nalisha kuku.
"Ndivyo. Ila hapa kuku ni wewe."
Msumeno nilimpa, lakini kwa shingo upande.

Basi sikiliza, wewe unayeanza, ni hivi tu:
ile alama imebeba anwani ndani yake.
Inakili. Fungua kisomaji, ibandike.
Hakuna fomu, hakuna muhuri.
Mwenyewe akiandika, utaletewa.
Asipoandika, kimya, nawe unywe kahawa yako.
Wala hakuna mjuaji anayesimama katikati
akiificha barua ya uyoga
chini ya harusi za watu usiowajua
kwa sababu eti hizo ndizo utakazozipenda.
Zinakuja kwa zamu, ya leo juu ya ya jana,
vile vile tulivyozipanga mimi na Helju.

Nikalewa. Nikajiandikisha kila mahali:
magazeti manne, mapishi, matetemeko ya ardhi duniani kote.
Jumatatu nikaamka na mia sita na kumi na mbili hazijasomwa.
Kwa mgawa barua, hiyo ni kesi ya mahakamani.
Nikasoma hadi usiku, macho yakiwasha,
tetemeko baada ya tetemeko, mengine madogo
hata kikombe kisingeanguka.
Taavet akabonyeza mahali pamoja tu: Zote zimesomwa.
Sifuri.
Mikono ilinitetemeka kana kwamba nimetupa gunia la posta baharini.
Kisha nikayaondoa matetemeko, na magazeti matatu.

Helju alifariki mwezi Machi, barafu ingali imeshika.
Jina lake sikulifuta kwenye orodha.
Halidai kitu. Lilikaa kati ya kwaya na kivuko
bila namba pembeni.

Agosti, namba ikatokea. Moja.

Sikubonyeza. Niliosha kikombe. Nikakiosha tena.
Kisha nikafungua:
dawa ya kupunguza unene, nusu bei, wiki hii tu.
Mtu alikuwa amelinunua jina la tovuti yake,
kama mpangaji anayehamia nyumba ya marehemu
na kulikuta sanduku la barua bado limesimama.

Nimeziona nyingi, barua za uongo zenye muhuri wa kweli.
Najua zinakopelekwa.
Lakini kisomaji hutunza za zamani,
basi kwanza nikashuka chini, chini, hadi Februari,
nikaiandika ya mwisho kwa mkono, nyuma ya bahasha:

Bata weusi arobaini na mmoja.
Batamaji mmoja, peke yake.
Upepo wa kaskazini. Miwani imeganda.
Kesho nitahesabu tena.

Ndipo nikabonyeza: Jiondoe.

Kivuko kinavuka leo, saa tatu.
Tartu imenyesha.