Habari za Wiki, Kabla ya Sura ya Arobaini na Moja

Wenzangu, samahani kwa kuchelewa.
Boila ilikufa Jumanne.
Mwenye nyumba akaleta fundi, fundi akaitazama
kama mtu anayetazama mgonjwa wa jirani,
akanywa chai yangu, akasema kipuri kinatoka Leeds,
akaenda zake.
Basi naandika nimevaa koti, jikoni, hapa Dundee,
miguu mbele ya ovena iliyo wazi.
Msimwambie mama.

Mengineyo: Tumsifu kafaulu hesabu, kwa tundu la sindano.
Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua,
jambo ambalo katika mji huu si kipaji.
Nimehamishiwa zamu ya usiku, nakunja mashuka ya hospitali,
na kila ninalokunja nalipima kwanza:
joho la mfalme? hema la jemadari?
halafu msimamizi ananikoholea.

Nimesoma mlichoongeza.
Bwire, farasi hapandi ngazi ya kamba.
Nimemwacha apande kwa sababu sentensi ilikuwa tamu,
ila usirudie.
Kalunde, jasusi wako ameshakufa mara tatu. Mpe likizo.
Na wale shomoro uliowatagisha kwenye kofia ya Mlinda-lango
nilitaka kuwafuta.

Sasa, Mlinda-lango.
Wiki ya saba hii Nyamizi hajaandika.
Mtu wake yupo palepale tulipomwacha,
mkono mmoja juu, mdomo wazi,
amesema: "Ngojeni, kuna..."
Kuna nini?
Jeshi limefika, limepiga kambi, limepanda mtama, limevuna.
Na kanuni ya nne, tuliyoitunga wenyewe tukicheka,
yasema mhusika aliyenyamaziwa siku thelathini
apewe kifo cha heshima.

Nimejaribu kumuua. Nakiri.
Jumapili, nimetoka zamu, macho yana mchanga,
nikaandika mshale.
Ukatoka upindeni, ukafika nusu ya njia,
nikakwama kwenye kitu kidogo: anavaa nini shingoni?
Nikarudi nyuma kutafuta.
Shingo sikuiona. Niliona habari zake,
ile mistari miwili mitatu anayoiweka kabla ya kila sura,
ambayo mimi huiruka niwahi vitani.

Mwezi wa tisa: mtoto halali.
Wa kumi: halali, simlaumu, dunia bado ngeni kwake.
Wa kumi na moja: baba yake karudi mgodini kwenye potashi,
theluji imefika kwenye kitasa,
nimechoka kidogo.

Na chini yake sisi, watu wazima wanne, tumejibu:
Je, daraja livunjwe au lichomwe?

Nikapiga simu.
Saa kumi na mbili asubuhi kwangu,
Saskatoon saa sita ya usiku, naye macho.
Tulizungumza hadi chaji ikaniangusha.
Sitawaambia yote, mengine ni yake.
Alilia kidogo, na safari hii kidogo hiyo niliisikia.
Lango hatukulitaja,
mpaka mwishoni, aliposema
anasoma kila neno letu akinyonyesha,
simu kwenye kiganja kimoja, mtoto kwenye kingine,
"sina mkono wa kuandikia, Yusta,
lakini wale shomoro, tafadhali, wasiondolewe."

Kwa hiyo mshale nimeufuta.
Kanuni ya nne pia.
Bwire atampigia Jumatano, Kalunde Ijumaa,
mimi nina alfajiri zote zilizobaki.
Msimuulize kuna nini langoni.
Akipata mkono atasema.

Haya, sura ndiyo hii. Ni fupi, vidole vimeganda:

Mlinzi hana upanga,
kofiani vifaranga,
jeshi zima la Kipanga
lanena kwa kunong'ona.

Bwire, zamu yako.
Farasi abaki chini.